Kichupa Nilichokijaza Mwenyewe

Somo yangu,

Shikamoo. Mkono umeliandika neno hili kwa mazoea kabla sijafikiri. Ulikuwa ukiniitikia "Marahaba, mwanangu" kabla sijamaliza kubisha hodi, mdomo umeubania pini za ushungi, nami nikajua siku imeanza. Sasa naisalimia karatasi.

Nitalisema jambo lenyewe mwanzoni, maana nikilizunguka nitapata pa kulikwepea, nawe wanijua. Uso wa Rukia wa Kibuyuni niliuharibu mimi. Wewe ulijua, nami nilijua. Watu wengine wote, kutoka Ramisi mpaka Shimoni, walijua kwamba ni wewe. Umekufa na kosa langu likiwa juu ya jina lako, na mimi mwaka mzima nimekuwa nikipata riziki kwa jina safi ambalo si langu. Nakuandikia kukiri, na kukueleza nilichokifanya Ijumaa iliyopita, siku ya arobaini yako.

Lakini niache kwanza nikukumbuke kidogo, kabla aibu haijanikaba.

Nilikujia Msambweni kutoka saluni ya Ukunda nilikokuwa nikisuka nywele, na kucha ndefu na maneno marefu zaidi. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna Bi Tima, mpambaji wa maharusi, ambaye wasichana wote wanamwita Somo, hata wale ambao hakuwafunda. Nilikuja na orodha niliyoinakili kutoka kwenye simu: vitu vya kununua ili niwe fundi wa mekapu. Ukaishika ile karatasi mbali na macho, ukaisoma yote kwa utulivu, kisha ukacheka mpaka ukashika mbavu. "Hii ni orodha ya mwenye duka, mwanangu. Ya fundi iko wapi?"

Nilinuna. Nilikuwa nimekuja nikitegemea kusifiwa.

Ukaniambia nianze na sabuni. Sabuni, beseni, na taulo moja kubwa jeupe tulilolikata vipande nane na kuvipindia pembeni kwa mkono. Kisha spiriti ya kufutia, na kisahani cha chuma cha kuchanganyia. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vifaa vyangu vyote kwa mwezi mzima, na nilipokuwa nikipita njiani na beseni langu wenzangu waliniuliza kama nimeajiriwa kuosha vyombo. Sanduku nililipata katika duka la vifaa vya ujenzi, lile la plastiki la kuwekea misumari na bisibisi, lina vijumba vidogo vidogo ndani. Mwenye duka akaniuliza mume wangu ni fundi wa nini. Wewe uliposikia ulifurahi siku mbili.

Fandesheni ukanikataza kununua nyingi. Tatu tu, ukasema: ya mtu mweupe, ya maji ya kunde, na ya mweusi. "Na wote wengine wamo humo katikati, kazi yako ni kuwatafuta." Ukanikalisha dirishani asubuhi, na kisahani mapajani, nikachanganya mpaka rangi ikapotea kwenye shavu langu. Kisha kwenye lako. Kisha kwa majirani, mmoja mmoja, hata yule jirani yako mkali ambaye alikubali kwa masharti kwamba mumewe asimwone. Rangi ya mdomo moja, nyekundu, ifanye kazi mdomoni, mashavuni na kidogo juu ya jicho. Wanja mmoja mzuri. Poda isiyo na harufu. Na brashi, kila harusi ninunue moja tu. Harusi yangu ya kwanza nilipamba kwa brashi moja na vidole kumi, na bibi harusi akapendeza, Somo. Wewe mwenyewe ulisema.

Na ile kanuni yako kubwa. Chochote kitakachogusa uso wa mtu, kijaribu nyuma ya sikio lake siku mbili kabla. Hata kama ana haraka, hata kama mama yake anasema si lazima. Ulikuwa ukitoka Msambweni mpaka kijijini kwa mtu kwa ajili ya tone moja nyuma ya sikio, ukinywa chai, ukirudi. Mimi niliona ni kupoteza siku.

Nilikuwa naona haya na vifaa vyangu. Ndilo lililoniponza. Siku hizi, kabla ya kuutazama uso wenyewe, wanaitazama meza. Wasichana wa Ukunda na Diani wanakuja na simu, wanapiga picha vilivyopangwa, wanauliza, "Unatumia kampuni gani?" Na mimi nilikuwa na mirija isiyojulikana, na sanduku la misumari, na pembeni yangu wewe na kikapu chako cha ukili kilichotiwa kitambaa ndani. Siku moja huko Diani nilikisukuma kikapu chako chini ya meza kwa mguu, nikakifunika kwa leso. Nilidhani hukuona. Uliinama, ukakichukua, ukakaa nacho mapajani mpaka kazi ikaisha. Hilo nalo sijawahi kukuomba radhi.

Ndipo kikaja kichupa. Unakijua, lakini hujui chote.

Binamu yangu Zena anafanya usafi wa vyumba hotelini. Wageni wakiondoka huacha vitu vyao vilivyobaki, na vingine anaruhusiwa kuvichukua badala ya kuvitupa. Akaniletea kichupa cha fandesheni, kioo kizito, kifuniko rangi ya dhahabu, jina limeandikwa kwa herufi nyembamba za kizungu. Ndani kilibaki kidogo sana, kimegandamana chini. Nikaenda Ukunda kwa yule anayetandaza bidhaa zake kwenye turubai karibu na stendi, nikanunua ile ya mrija isiyo na tarehe, nikakijaza kichupa mpaka shingoni. Sikukiosha. Nitakuambia kwa nini: nilitaka harufu ya ile ghali ibaki. Hata harufu nilitaka kuwadanganyia watu.

Ukanikuta barazani nakipangusa. Ukakifungua, ukakinusa, ukakunja uso. "Kitupe, Saumu. Hiki kimeharibika." Nikasema ndiyo, Somo. Nikakiweka chini ya mataulo sandukuni.

Siku ya kupamba Rukia tulifika Kibuyuni mapema. Hina ulikuwa umempaka wewe, na majaribio ya nyuma ya sikio ulikuwa umeyafanya wewe, kwa mirija yetu mitatu ya siku zote, na ngozi yake ilikuwa imekubali. Kila kitu kilikuwa tayari. Mama yake, Bi Mwanaidi, alikuwa amefanya kazi ya mwani misimu miwili kwa ajili ya siku ile, na uani kulikuwa na wanawake wamekaa kwenye mikeka mpaka barabarani, wakingoja bibi harusi atolewe nje watazame. Ukanambia nianze uso, wewe uende ukaswali alasiri chumba cha pili.

Ulipotoka tu, wakaingia marafiki zake na simu zao. Mmoja akauliza, "Fundi, mbona hatuoni vitu?" Nami nikanyoosha mkono chini ya mataulo.

Kichupa kilipigwa picha zaidi ya bibi harusi. Rukia mwenyewe alikishika, akatabasamu nacho. Nikampaka. Nilimpaka vizuri, Somo, hiyo ndiyo sehemu inayonichefua zaidi nikikumbuka. Nilikuwa najisifu moyoni. Alipoanza kusema "yawasha" nikamwambia ni jasho. Aliposema mara ya pili nikampepea. Uliporudi, na alama ya mkeka bado kwenye paji lako, mashavu yalikuwa yameiva na jicho la kushoto limeanza kufunga.

Uliangalia meza, ukakiona. Ukamwosha kwa maji baridi mara tatu, ukampangusa kwa vipande vya taulo, ukawatoa wale wasichana nje wote. Kichupa ukakichukua, ukakitia katika kikapu chako, ukakifunika. Mlango ukafunguka, Bi Mwanaidi akaingia, akamwona mwanawe. Mimi nilifungua mdomo. Nataka uamini kwamba niliufungua. Lakini wewe ulikuwa umeshasema.

"Ni mimi, Bi Mwanaidi. Dawa nimeichanganya mimi. Huyu kapaka tu nilichompa."

Na mimi nikaufunga mdomo.

Rukia akatolewa amefunikwa shela uso mzima, na wanawake waliokuja kumtazama wakatazama kitambaa. Bi Mwanaidi alikuambia mbele ya watu, "Umezeeka, Tima, lakini tamaa yako haijazeeka. Ungewaachia wenzio." Ulisema, "Kweli, mwenzangu," ukainama kuokota mataulo. Nilisimama nyuma yako nimeshika sanduku langu la misumari, kichwa chini, kama niliyeonewa mimi.

Tuliporudi nilikulilia miguuni. Ukanambia, "Mimi nimekwisha wapamba mpaka mama zao. Wewe ndio kwanza unaanza. Nyamaza, uoshe brashi." Na unajua nilihisi nini, Somo? Watu wakidhani nilihuzunika, wanakosea. Nilishusha pumzi. Moyo wangu ulitulia. Nikaosha brashi, nikala, nikalala vizuri.

Baada ya hapo wakaacha kukuita. Ilianza taratibu: harusi moja ikasogezwa, nyingine ikafanywa kimyakimya bila wewe. Kisha wakaanza kuja mlangoni kwako kuniulizia mimi. "Twamtaka yule msichana." Wewe ndiye uliyewaelekeza, ukawaambia niko nyuma nafua mataulo. Nilikwenda. Kila walikoniita nilikwenda. Brashi zikaongezeka mpaka sanduku likawa halifungi, na wewe ukawa unaniomba nikuletee Jumapili uzioshe, uwe na cha kufanya. Ulizifunga kwa uzi, zikaning'inia kichwa chini dirishani zikauke vizuri, na ulikuwa ukizihesabu kwa furaha kana kwamba ni zako.

Kuna moja ambalo sijalisema popote. Huko Ramisi, mama mmoja aliyekuwa akimwoza bintiye aliniuliza kama ni kweli kwamba wewe ndiye uliyemchoma mwari wa Kibuyuni. Ningeweza kunyamaza tu. Kunyamaza nilikuwa nimeshakuzoea. Badala yake nilitikisa kichwa kwa masikitiko, nikasema, "Uzee, mama." Nilisema hivyo. Kisha Jumapili nikakuletea brashi za harusi hiyo hiyo, ukaziosha.

Ulipofariki nilipigiwa simu asubuhi. Presha ilipanda, ukawahishwa hospitali, hukurudi. Nilipofika nduguyo Bi Mwanasha alinishika mkono, akasema niingie nisaidie kukuosha, kwa kuwa nilikuwa kama mwanao. Nilimimina maji. Kazi yangu ilikuwa kumimina tu, na wengine wakaosha. Nyuso ngapi nimezishika, wako nilishindwa kuutazama.

Kabla jeneza halijatoka, alisimama mjomba wako mlangoni, akasema yale yanayosemwa: mwenye kumdai marehemu aje kwa wenyewe, na aliyekosewa naye amsamehe. Ndani tulikuwa wanawake tupu. Bi Mwanaidi alikuwamo. Alikuwa ametoka Kibuyuni alfajiri, miguu ina mchanga bado. Akasimama akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka uani, "Mimi nilikuwa na neno na Tima kwa ajili ya uso wa mwanangu. Leo nimemsamehe, duniani na akhera." Alilisema kwa moyo mweupe, alikuwa analia. Wanawake wote wakaitikia Amin.

Na mimi nikaitikia. Niliisikia sauti yangu ikitoka. Umelala pale, umeshaoshwa, unasamehewa mbele ya watu kosa usilolifanya, na aliyelifanya anaitikia dua.

Tangu siku ile sikuwa na amani, lakini nisijipake mafuta: niliendelea na kazi. Wiki ya pili nilipamba Diani. Ya tatu nilipamba wawili. Nilijiambia kwamba wewe mwenyewe ulitaka iwe siri, kwamba kusema sasa ni kukuvunjia sitara yako. Mtu akitafuta sababu ya kunyamaza hakosi.

Mambo ya nyumbani kwako yamebadilika. Chumba cha mbele kimepangishwa kwa mwalimu, ameweka meza pale dirishani tulipokuwa tukikaa. Yule jirani yako mkali amepata mjukuu, wamempa jina lako, na sasa anamkaripia Tima mdogo siku nzima. Wiki mbili zilizopita Bi Mwanasha aliniita, akanipa kikapu chako. "Kazi yake unayo wewe, basi na hiki chukua." Nilikifungulia nyumbani. Mlikuwamo wanja, kisahani chako, uzi wa kufungia brashi, na chini kabisa, kimezungushiwa kitambaa, kichupa. Ulikiosha. Kilikuwa kinang'aa. Ulikificha mwaka mzima ndani ya kikapu chako ili mtu yeyote asikione kwangu, na umekufa kikiwa humo, ili kikionekana kionekane kuwa ni chako.

Sikuweza kuketi. Siku ya pili yake nikaenda Kibuyuni.

Bi Mwanaidi nilimkuta kwenye vichanja, anatandaza mwani ukauke. Nikamwamkia, akaniitikia vizuri, akauliza kama nimekuja kutafuta kazi, maana kuna binti wa jirani anaolewa. Nikakitoa kichupa nikakiweka juu ya kichanja mbele yake. Nikasema yote, kuanzia kwa Zena mpaka Amin. Hakuinua kichwa. Aliendelea kuuchambua ule mwani, kuutenga na nyasi, mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akaacha.

"Kwa hiyo nilimsamehe mtu asiyenikosea."

Nikasema ndiyo.

"Na mimi niliyemtukana mbele ya watu, nikamwita mwenye tamaa. Mimi msamaha wangu nikauombe wapi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria, Somo. Wallahi sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Nilikwenda kuutua mzigo wangu, nikamtwika mama wa watu mzigo wake mwenyewe, ambao niliutengeneza mimi. Aliketi kwenye mchanga. Mikono yake ilikuwa imejikunja kwa maji ya chumvi, akaitazama, akasema hakunisamehe bado, na nisimharakishe. Nikamwambia sikuja kuharakisha. Akatoa simu, akampigia Rukia huko Mkwiro alikoolewa, akaweka sauti nje, akaielekeza kwangu. "Mwambie mwenye uso."

Nikasema tena. Mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Nikasikia mtoto akilia upande wa Rukia. Sikusikia akinitukana. Alichosema ni hiki: "Mama, picha zote za harusi alizokuwamo Bi Tima nilizifuta." Basi. Akarudia, "Zote, Mama," na simu ikakatwa.

Nikaangalia simu yangu hapo hapo nikiwa nimesimama. Nina picha za meza, Somo. Nina picha za maharusi mia, za sanduku, za brashi zimepangwa kwa urefu. Yako ninayo moja, na umeonekana mkono tu.

Bi Mwanaidi akasema, "Ijumaa ni arobaini yake. Uliitikia mbele ya watu, utasema mbele ya watu. Nami nitakuwapo."

Nilifanya, Somo. Kisomo kilipoisha, kabla sinia hazijaletwa, nilisimama. Nilisema mimi ni Saumu, mwanafunzi wa marehemu, na kwamba uso wa Rukia niliuharibu mimi, kwa dawa mbovu niliyoijaza kwenye kichupa cha watu ili nionekane fundi mkubwa. Kwamba Bi Tima alinikataza na sikumsikia. Kwamba alinisitiri, nami nikamwacha bila wa kumsitiri. Bibi mmoja mzee aliye karibu na mlango akauliza, "Na ukamwacha mwanamke yule afe nayo?" Nikasema, "Ndiyo, bibi."

Bi Mwanasha aliinuka akaenda jikoni. Nilisikia masufuria yakigongwa. Hajasema nami tangu siku ile, na ana haki yake. Kisha Bi Mwanaidi akasimama, akajitanda leso vizuri, akageukia upande wa chumba chako kana kwamba umo, akakuomba radhi kwa jina lako, Tima binti wa baba yako, neno kwa neno, yale aliyokutukana na mahali alipokutukania. Wanawake walilia. Mimi sikulia. Niliona kulia ningejihurumia.

Siku ya pili simu zikaanza. Harusi ya Msambweni wamenikatalia, na ile ya jirani wa Bi Mwanaidi pia. Wa Diani bado hawajasikia, lakini watasikia, na nitawaambia mwenyewe wakiuliza. Sanduku limekaa hapa mbele yangu, safi, halina kazi. Si kitu. Nilitaka ujue kwamba sasa, huko kisimani na sokoni, wanapokutaja wanakutaja kama ulivyokuwa. Jana yule jirani yako mkali alinipita njiani bila kunisalimu, halafu akarudi hatua mbili akasema, "Nilijua mimi. Tima hangeweza." Akaenda zake. Nimeondoka nayo hiyo, ikaniumiza na kunifurahisha.

Sasa nikuage, maana karatasi inakwisha na kalamu hii ni ya kuazima kwa mwalimu.

Ahadi yangu ni hii. Kesho kutwa nakwenda Ramisi, kwa yule mama niliyemwambia neno la uzee, nikalifute kwa mdomo ule ule. Kisha nyumba moja moja zilizokuacha, nitabisha hodi zote, wala sitakwenda kutafuta kazi. Rukia nitamwendea Mkwiro siku atakaponiruhusu, akitaka anifungulie, asipotaka nitarudi. Na kama Mungu atapenda nipate siku moja msichana wa kumfunza, nitamfunza yako yote, sabuni kwanza, na nyuma ya sikio hata kama ni mbali.

Ila kuna moja sitamfanyia kama ulivyonifanyia. Akikosea sitasema ni mimi. Nitamshika mkono nisimwachie, tutatoka pamoja mpaka walipo watu, na nitasimama naye mpaka aseme mwenyewe. Ulinihurumia mno, Somo. Huruma yako nimeila mwaka mzima, na imekugharimu jina. Nisamehe na hilo, kwamba hata barua ya kukuomba radhi nimekukosoa ndani yake, ulinizoea hivyo.

Mola akufanyie wepesi huko uliko, akupe nafasi na mwanga, na uso wako siku ile uwe miongoni mwa nyuso zinazong'aa. Mimi nimebaki huku na wangu, nimeuosha, sijaupaka kitu.

Ni mimi mwenye kosa,
Saumu